Gauni la Sophie: Ndoto, Mali na Anasa katika Sanaa ya Wanawake Weusi

Katika lugha yetu neno anasa halina sifa njema. Likitajwa darasani, wanafunzi huwafikiria mara moja watu wachache wanaostarehe kwa jasho la wengi, na mwalimu aliyekulia katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967 hana sababu ya kuwakosoa. Lakini lugha hiyohiyo inayo methali isemayo kwamba maskini akipata, matako hulia mbwata. Methali hii haimcheki tajiri. Humcheka fukara aliyethubutu kujipamba. Kwa hiyo tunayo lawama kwa yule aliye na mali kupita kiasi, na kicheko kwa yule asiyekuwa nayo akaitamani. Je, makosa haya mawili ni kosa moja?

Swali hilo limeulizwa kwa nguvu, si na wanafalsafa, bali na baadhi ya wanawake weusi walio wachongaji na wachoraji wa zama zetu. Katika insha hii nitawazungumzia hasa watatu: Mary Sibande wa Afrika ya Kusini, Kara Walker wa Marekani, na Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Sikuwachagua kwa sababu wao pekee ndio mashuhuri. Nimewachagua kwa sababu kila mmoja wao alimchukua mwanamke mweusi ambaye macho ya watu yamezoea kumwona akiwa amebeba kitu cha mtu mwingine, kama vile sahani, mtoto, sukari au paa la jumba, akamweka mahali pa fahari. Tena walifanya hivyo bila kuikimbia anasa. Waliitumia anasa yenyewe kuwa udongo wa kufinyangia.

Mary Sibande alizaliwa mwaka 1982 katika mji wa Barberton, mashariki ya Afrika ya Kusini, nchi ikiwa bado chini ya utawala wa Makaburu. Mama wa bibi yake, bibi yake na mama yake, wote walipata kuwa watumishi katika nyumba za Wazungu. Ili mwanafunzi aelewe uzito wa jambo hilo, hana budi kukumbuka jinsi maisha ya mtumishi yalivyopangwa katika nchi ile. Kwa wanawake weusi wengi waliofika mjini, utumishi wa nyumbani ulikuwa karibu mlango pekee wa kazi uliokuwa wazi. Mtumishi alilala katika chumba kidogo uani, mbali na watoto wake mwenyewe, huku akiwalea watoto wa wengine. Alitakiwa kuwa na pasi, ile ambayo Mkenya wa wakati wa ukoloni aliijua kwa jina la kipande. Na ni kwa ajili ya kuikataa pasi hiyo kwamba wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi Pretoria tarehe 9 Agosti 1956. Jina lake la kwao lilionekana gumu kutamka, hivyo akapewa jina la Kizungu lililo rahisi kuitwa kutoka sebuleni.

Wala mambo hayakubadilika siku moja baada ya uchaguzi wa mwaka 1994. Ilipofika mwaka 2002 ndipo serikali mpya ilipoweka kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa nyumbani. Na hadi mwezi Novemba mwaka 2020, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini haikuwahusu. Mahakama ya Katiba ndiyo iliyoamua kwamba kuwatenga huko ni kinyume cha katiba, katika kesi iliyotokana na kifo cha mtumishi mmoja aliyezama katika bwawa la kuogelea la mwajiri wake mwaka 2012. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Bwawa la kuogelea katika ua wa nyumba ni alama ya anasa iliyo dhahiri kuliko nyingi, na hapo tunaona kwamba anasa ya mmoja inaweza kuwa kaburi la mwingine, bila methali wala fumbo lolote.

Sanamu ambayo Sibande aliiunda kwa kuufanyia kalibu mwili wake mwenyewe aliipa jina la Sophie, jina la aina ileile ya kuitwa kutoka sebuleni. Ngozi ya Sophie ni nyeusi tititi, nyeusi kama kivuli. Amevaa aproni nyeupe na kilemba cheupe cha mtumishi. Hadi hapo hakuna la ajabu. Ajabu ni gauni. Limekatwa kwa mtindo wa mabibi wakubwa wa Uingereza wa zama za Malkia Viktoria, lenye mikono iliyovimba, magagulo chungu nzima, na mkia unaoburura sakafuni hadi kukijaza chumba. Mtu aliyevaa gauni kama hilo hawezi kufagia wala kuinama kufuta meza. Ni nguo ya mtu anayetumikiwa. Lakini kitambaa chake, mara nyingi, ni cha buluu, kile ambacho Waafrika ya Kusini wanakijua kuwa ni cha nguo za kazi. Kwa maneno mengine, sare ya mtumishi imeota ndoto, na katika ndoto hiyo imenenepa, imepanuka, imekuwa gauni la malkia, ila haikuacha kuwa sare.

Msomaji wa pwani yetu hatashangazwa na wazo la kwamba kitambaa ndicho kilichomtambulisha mtu. Katika Unguja ya karne ya 19, kaniki nyeusi na merikani isiyotiwa rangi zilikuwa nguo za watumwa na watu wa chini. Na baada ya utumwa kupigwa marufuku kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani walijitwalia kanga za rangi, ili mavazi yao yawatangaze kuwa ni waungwana. Bila shaka walichekwa na waliozaliwa katika uungwana. Tena merikani yenyewe ina hadithi yake. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani, ikaletwa Unguja kubadilishwa na pembe za ndovu. Mtumwa wa upande mmoja wa dunia alimvika mtumwa wa upande mwingine bila wao kujuana.

Turudi kwa Sophie. Katika kila kazi anaota jambo jingine. Katika mojawapo ameshika sindano za kufumia, naye anafuma sweta yenye nembo ya Superman, yule shujaa wa vitabu vya picha vya Kimarekani. Mtu angedhani kwamba ndiye anayemtengenezea shujaa nguvu zake, au labda anarekebisha nguo ya shujaa aliyechoka. Katika sanamu ya mwaka 2010 amempanda farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kama majenerali wanavyochongwa katika viwanja vya miji ya Ulaya. Katika nyingine ameunganishwa kwa nyuzi ndefu, kama nywele, na picha ya Madam C. J. Walker. Mwanamke huyu wa Marekani, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Sarah Breedlove, alizaliwa Louisiana mwaka 1867 na wazazi waliokuwa watumwa. Kwa miaka mingi alikuwa dobi. Kisha akatengeneza na kuuza dawa za nywele za wanawake weusi, akatajirika kiasi cha kujijengea jumba kubwa karibu na mto Hudson, alimofia mwaka 1919. Yapo ya kumsifu na yapo ya kumhoji, maana utajiri wake ulitoka kwa wanawake waliofundishwa kutoziridhia nywele zao. Lakini kwa mtumishi afuaye nguo za watu, dobi aliyekufa ndani ya jumba lake mwenyewe si hadithi ya ulafi. Ni ushahidi kwamba jambo linawezekana.

Mwaka 2010, wakati nchi ile ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya kombe la dunia la kandanda, picha kubwa mno za Sophie zilibandikwa juu ya majengo ya katikati ya Johannesburg, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa matangazo ya biashara. Nadhani hapo ndipo kazi hii ilipofikia kilele chake, kuliko ndani ya jumba lolote la maonyesho, kwa sababu tangazo la biashara nalo ni ndoto. Humwambia mpita njia kwamba akinunua kitu fulani atakuwa mtu mwingine. Sophie hakuwa akiuza kitu. Alisimama tu pale juu, mkubwa kuliko magari na maduka, macho yamefumbwa.

Macho hayo yaliyofumbwa ndiyo yanayotakiwa kutazamwa sana. Sophie hafumbui macho katika kazi zake za buluu hata mara moja. Wako watakaosema kwamba hii ni dosari; kwamba msanii amewapa wanyonge usingizi badala ya mapambano. Siwezi kuipuuza hoja hiyo. Ni kweli kwamba akiyafumbua macho, aproni bado ipo. Hata hivyo, Makaburu walipotunga sheria zao walijua walichokuwa wakikifanya: walipanga mtu mweusi aishi wapi, asome nini, afanye kazi gani na apite njia ipi. Kitu ambacho hawakuweza kukiandikia sheria ni kile alichokiona mtumishi alipofumba macho usiku katika chumba cha uani. Sibande amekwenda kukichukua hicho, akakifanya kionekane kwa macho ya mchana.

Baadaye msanii mwenyewe alimtoa Sophie usingizini. Katika maonyesho ya mwaka 2013 buluu iliingiliwa na zambarau, na mwilini mwa mwanamke huyo kukachipuka mizizi na minyiri isiyo na mpango. Rangi hiyo ina kisa chake. Tarehe 2 Septemba 1989, polisi wa Cape Town waliwamwagia waandamanaji maji yaliyotiwa rangi ya zambarau, ili wawatambue na kuwakamata. Na punde watu wakaanza kuchezea maneno ya Mkataba wa Uhuru wa mwaka 1955, wakisema kwamba zambarau ndiyo itakayotawala. Sibande aliyachukua maneno hayo yakawa jina la maonyesho yake. Kazi zilizofuata, za rangi nyekundu, zenye mbwa na tai, ni za hasira. Kwangu mimi zina kishindo kikubwa kuliko maana, ingawa wapo wanaoziona kuwa bora zaidi.

Kabla ya kumwacha Sophie, inafaa nimtaje kwa ufupi Mickalene Thomas, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1971, ambaye huwachora wanawake weusi wakiwa wamejinyoosha juu ya makochi yenye vitambaa vya maua, huku picha nzima ikimetameta kwa vito bandia vya bei rahisi. Alivizoea vitu vya aina hiyo alipokuwa mwanafunzi asiyemudu bei ya rangi za mafuta. Mng'ao ule, basi, haukutokana na wingi wa fedha; ulitokana na upungufu wake.

Kara Walker, aliyezaliwa California mwaka 1969, anatupeleka upande wa pili wa jambo hili, yaani kwenye kitu chenyewe kinachotamaniwa. Katika miezi ya Mei, Juni na Julai ya mwaka 2014, ndani ya kiwanda cha zamani cha kusafisha sukari cha Domino huko Brooklyn, New York, alisimamisha sanamu ya mwanamke mweusi aliyelala kifudifudi mithili ya ile sanamu ya Misri yenye kichwa cha mtu na mwili wa simba. Urefu wake ulizidi mita 20 na kimo chake kilizidi mita 10. Kichwani alifungwa kitambaa chenye fundo mbele, kama ambavyo watumishi weusi wa Marekani walivyozoeleka kuchorwa katika makopo na maboksi ya vyakula. Kiunzi chake kilikuwa cha plastiki nyepesi, lakini juu kilipakwa makumi ya tani za sukari nyeupe pe. Mwanamke mweusi, kwa hiyo, alikuwa mweupe kuliko mtu yeyote aliyekuja kumtazama.

Jina la kazi hiyo lilichukuliwa kutoka katika karamu za wafalme wa Ulaya wa zama za kati. Wakati huo sukari ilikuwa adimu kama viungo vya Mashariki, na wapishi waliitengenezea vinyago vya kupamba meza, ambavyo wageni walivila baada ya kuvistaajabia. Mwanaanthropolojia Sidney Mintz alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1985 jinsi anasa hiyo ya wafalme ilivyogeuka kuwa chakula cha kila siku cha mfanyakazi wa Uingereza, kwa sababu tu mamilioni ya Waafrika walipelekwa visiwa vya Karibi na Brazil kulima miwa. Hapa ndipo somo la historia linapokuwa gumu kidogo kwa wanafunzi. Wamezoea kufikiri kwamba anasa ni ya tajiri na shida ni ya maskini, wakati ambapo kijiko cha sukari katika chai ya kabwela wa Manchester nacho kilitoka katika mgongo wa mtumwa. Wala sukari si habari ya ng'ambo peke yake. Bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa katika karne ya 19, kabla Wajerumani hawajaja kudai kwamba wameleta ustaarabu.

Kuizunguka sanamu kubwa kulikuwa na sanamu ndogo za watoto wa kiume waliobeba vikapu. Baadhi yao walitengenezwa kwa sukari iliyopikwa ikagandishwa, na wengine walipakwa asali nyeusi ya miwa. Joto la kiangazi lilipozidi, watoto hao walianza kuyeyuka na kuvunjika. Vipande vyao viliokotwa vikatiwa katika vikapu vya wenzao waliobaki. Hakuna kitabu cha historia ya biashara ya utumwa ninachokijua ambacho kimeeleza kwa ufupi namna hiyo jinsi mashamba yale yalivyokula watoto.

Watu zaidi ya 100,000 walikwenda kutazama. Wengi walisimama kimya. Wengine walijipiga picha za mzaha mbele ya maungo ya yule mwanamke, jambo lililowaudhi watazamaji weusi wengi na kuzusha mabishano marefu. Lakini mzaha huo nao, nadhani, uliingia katika kazi ukawa sehemu yake: karne zimepita, na bado mwili ule ulikuwa kitafunwa. Yafaa pia tuseme wazi kwamba sukari ilitolewa bure na kampuni ya sukari yenyewe, na kwamba kiwanda kile, kilichofungwa mwaka 2004, kilikuwa tayari mikononi mwa kampuni ya ujenzi iliyokusudia kuweka hapo majumba ya kupangisha na ofisi. Sanaa inayoishtaki anasa ililipiwa na anasa. Na si ya Walker peke yake. Sanamu za Sibande na picha za Thomas hununuliwa na watu wenye fedha nyingi na kuwekwa katika nyumba ambazo, huenda, zinafagiliwa na akina Sophie. Sioni jinsi msanii yeyote wa leo anavyoweza kulikwepa jambo hili. Walker angalau alijibu kwa namna moja: maonyesho yalipokwisha mwezi Julai, yule mwanamke wa sukari alivunjwavunjwa. Hakuna aliyeweza kumnunua.

Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasoma huko, kisha Wales na Marekani, na kwa miaka mingi sasa amekuwa akifanya kazi kati ya Nairobi na New York. Alianza kujulikana kwa picha alizoziunda kwa kukata na kubandika vipande vya magazeti ya mitindo, ya magari na ya picha za uchi, pamoja na michoro ya vitabu vya zamani vya udaktari. Mwanamke anayetokea katika picha hizo ana midomo ya tangazo la rangi ya mdomo, mguu wa pikipiki na ngozi yenye madoa ya ugonjwa. Anapendeza na anatisha. Mutu hakuongeza kitu kutoka nje. Aliyakata tu magazeti yale na kuyapanga upya, na uchafu uliokuwamo ukajitokeza.

Mwaka 2013 alitengeneza filamu fupi ya picha zilizochorwa zikatiwa mwendo, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Mwisho wa Kula Kila Kitu. Uso ni wa mwanamuziki Santigold; mwili ni mkubwa kama sayari, umejaa vidonda, mikono, magurudumu na moshi. Kiumbe huyo anaelea peke yake angani. Anaona kundi la ndege, anawakaribia taratibu kama anayewanusa, kisha anaanza kuwala. Hapati nafuu. Mwishowe anapasuka, na ndani ya wingu linalobaki vinaonekana vichwa vidogo vinavyoelea. Filamu haimwelezi kuwa ni Mzungu au Mwafrika, bepari au kabwela. Hili ndilo linalonisumbua kila ninapoifikiria, maana ni rahisi kuifundisha kama hadithi ya nchi tajiri zinazoila dunia, na kwa hakika ni hivyo. Lakini uso ule ni wa mwanamke mweusi, wala Mutu hakuuweka pale kwa bahati. Tamaa haiulizi kabila. Sophie akipewa kila alichokiota, na kisha kila ambacho hakukiota, je, ataishia hapo angani? Sibande hajalijibu swali hilo, na Mutu halijibu kwa maneno.

Lakini miaka sita baadaye alitoa kitu kinachokaribia kuwa jibu. Jumba kubwa la makumbusho la Metropolitan, katika barabara ya tano ya New York, lina vishubaka vinne katika ukuta wake wa mbele, vilivyojengwa viwekwe sanamu. Tangu ukuta huo ulipokamilika mwaka 1902, vishubaka vilibaki vitupu. Mtu wa Lamu angeuona ukuta huo kuwa na kasoro, maana katika nyumba za mawe za kwao zidaka zilijengwa ili zijazwe sahani na vyombo vya Uchina. Mwezi Septemba mwaka 2019 vilijazwa kwa mara ya kwanza, na aliyevijaza ni Mutu. Aliweka wanawake wanne wa shaba, waliovikwa pete juu ya pete kuanzia shingoni, na kila mmoja akiwa na kisahani kinachong'aa: mmoja mdomoni, mwingine machoni, mwingine kwenye paji la uso, na mwingine kisogoni. Aliyepata kuwaona bibi wa Kimakonde wa zamani atakumbuka ndonya, pambo la mdomo ambalo wageni waliliita ushenzi na wenyewe waliliita uzuri.

Katika majengo ya Wagiriki wa kale wapo wanawake wa mawe waliofanywa nguzo, wakibeba paa kwa vichwa vyao. Katika vigoda vya watawala wa Waluba wa Kongo vilevile, mwanamke wa mti hukiinua kiti juu ya mikono yake ili mfalme akalie. Mutu alikuwa akiwafikiria wote hao, wa huku na wa kule, alipowaunda wake. Wake wamepambwa kama malkia, na shaba yao ni ya thamani, lakini hawakubeba paa wala kiti. Kazi hiyo aliiita Walioketi. Kwa zaidi ya mwaka mzima waliketi pale juu ya ngazi, mikono imetulia mapajani, wakiwatazama watu waliokuwa wakipita chini yao.